Nyasi Hizi ni za Nani?

Somo kwa wakulima na wafugaji wadogo, juu ya ngitili na sheria ya kuhifadhi nchi

Ndugu mkulima,

Mwezi wa Oktoba ukifika, nenda zizini asubuhi uwatazame maksai wako. Mbavu zao zahesabika; ngozi imeshikana na mifupa; naye aliyelala huinuka kwa taabu. Mvua ya kwanza i karibu. Itakaponyesha, jirani mwenye maksai wenye nguvu atafunga jembe siku ya pili yake, na mbegu zake zitakunywa maji ya mwanzo. Wewe utangoja hata wako wapate majani mabichi na kurudiwa na nguvu, na majuma mawili au matatu yatapita bure. Katika nchi ya Shinyanga, ambako mvua ya mwaka mzima kwa kawaida ni kati ya milimita 600 na 900 tu, majuma hayo ndiyo yapambanuayo ghala lililojaa na ghala tupu.

Basi usidhani ya kuwa habari za nyasi na miti ni habari za mabwana wa misitu peke yao. Ni habari za chakula cha watoto wako. Katika somo hili tutatazama jinsi nchi ya Shinyanga ilivyovuliwa nguo zake, na jinsi ilivyovikwa tena. Nalo fundisho ni moja: sheria ya Serikali ya kuhifadhi nchi hushika mizizi pale mkulima anapojua kwamba nyasi na miti anayoitunza ni mali yake. Asipojua hivyo, sheria ni karatasi tu.

1. Desturi ya wazee

Wasukuma tangu zamani walikuwa na desturi waliyoiita ngitili. Mvua zilipoanza, mtu alitenga sehemu ya malisho yake, akaifunga, asiingize mnyama. Ng'ombe walilishwa mahali pengine, kwa maana wakati wa masika majani ni mengi kila upande. Nyasi za ngitili zilikua, zikachanua, zikaangusha mbegu, zikakauka zingali zimesimama. Kiangazi kilipokaza, na malisho ya nje yakawa vumbi, ndipo mwenyewe alipoifungua, akaingiza kwanza ndama, ng'ombe wa maziwa, wagonjwa na maksai.

Mmesikia habari za Yusufu huko Misri, jinsi alivyoweka akiba ya nafaka katika miaka saba ya shibe kwa ajili ya miaka saba ya njaa. Ngitili ni ghala kama lile, ila haina kuta wala paa, na akiba yake hukua yenyewe. Tena wazee hawakuhitaji ua mkubwa wala askari. Mpaka ulijulikana, jirani aliuheshimu, na aliyeuvunja aliitwa mbele ya wazee akatozwa.

2. Jinsi nchi ilivyovuliwa nguo

Haikuwa kwa upumbavu wa mtu mmoja, wala kwa mwaka mmoja. Yafaa tuzifahamu sababu, kwa kuwa kila moja ilionekana kuwa njema katika wakati wake.

Sababu ya kwanza ni mbung'o. Nzi huyu huua ng'ombe kwa ugonjwa wa nagana, na watu kwa malale, naye hukaa katika kivuli cha vichaka. Tangu miaka ya 1920 Serikali ya kikoloni, kwa uongozi wa bwana C. F. M. Swynnerton aliyekuwa mkuu wa utafiti wa mbung'o huko Shinyanga, ilishirikiana na watemi kuwaita watu kwa maelfu waende kukata pori. Mbung'o walipungua kweli, na malisho yakapanuka. Lakini shoka likishazoea mkono halisemi, "Sasa basi."

Sababu ya pili ni mashamba. Pamba ilipokuwa na bei, watu wakafyeka zaidi. Ya tatu ni wingi wa watu na mifugo, na kuni zilizotakiwa kila siku. Ya nne ilikuja baada ya Uhuru. Katikati ya miaka ya 1970 watu walihamishwa kutoka makao yao yaliyotawanyika, wakakusanywa katika vijiji. Ngitili zao zikabaki nyuma, mbali, bila mtu wa kuzitazama. Na kisicho na mwenyewe huliwa na kila mtu, wala hakuna akitunzaye. Wenye ng'ombe waliziingia, wenye mashoka wakafuata.

Hata kufikia mwaka 1986, ngitili zilizojulikana katika mkoa mzima zilikuwa kama hekta 600 tu. Wanawake walikwenda mbali sana kutafuta kuni. Wengine wakapika kwa samadi kavu na mabua ya pamba. Angalia hasara hiyo ilivyo kubwa: samadi iliyopaswa kurudi shambani iliteketea jikoni, na shamba likadhoofika. Upepo wa kiangazi ukapeperusha udongo, na mvua ya kwanza ikauchukua uliosalia hadi mabondeni. Kweli ni ule usemi, usipoziba ufa utajenga ukuta.

3. Amri iliyokosa mwenyewe

Kabla hatujaeleza jinsi Shinyanga ilivyopona, inatupasa kutazama mahali pengine ambapo Serikali ilijaribu kuponya nchi kwa amri tupu, ikashindwa. Twende kidogo hadi milima ya Uluguru, karibu na Morogoro.

Milima ile ni mikali, na maji yake hushuka hadi mto Ruvu, ambao hunywesha watu wengi wa chini. Serikali ya kikoloni iliona udongo ukiporomoka, ikaanzisha mpango wa matumizi ya ardhi mwaka 1950. Watu waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi katika mashamba yao, na asiyechimba alishitakiwa. Shabaha ilikuwa njema. Lakini udongo wenye rutuba katika milima ile ni mwembamba. Mahali pengi tuta lilipochimbwa, udongo mwekundu usio na nguvu ulipandishwa juu, na mazao yakawa haba kuliko zamani. Kazi nayo ilikuwa nzito mno. Tena watu walianza kushuku ya kuwa, baada ya matuta kwisha, shamba litachukuliwa na wengine. Mwezi wa Julai 1955 ghasia zilitokea huko Matombo. Polisi walipiga risasi, na mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa.

Hata katika Usukuma yenyewe kulikuwa na mpango mkubwa ulioanza mwaka 1947, wenye amri nyingi juu ya matuta, na kupunguza mifugo, na mengineyo. Watu wakazichoka amri zile, nao mpango ukafifia kabla ya Uhuru kufika.

Angalia basi, msomaji. Matuta si kitu kibaya. Mahali panapofaa, tuta ni rafiki mkubwa wa mkulima. Walakini amri ile haikujibu maswali mawili ya mkulima: "Je, kazi hii yafaa kwa udongo wangu?" na, "Je, faida yake itakuwa yangu?" Sheria isiyojibu maswali hayo hutiiwa siku bwana mkubwa apitapo, nayo huvunjwa siku ya pili yake.

Nami sina haki ya kuwacheka mabwana wa zamani, kwa maana nimekosa vivyo hivyo. Katika miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilipelekwa katika kijiji kimoja, nikakusanya watu chini ya mti, nikawahubiri juu ya kilima kilichokuwa uchi. Nikasema, "Kuanzia leo mtu asilishe kilimani." Wote wakaitikia. Siku ya tatu nilipita tena, nikakuta ng'ombe wametapakaa kilimani kote. Nikamwuliza mzee mmoja sababu. Akanijibu kwa upole, "Bwana shamba, mwanangu, umetuambia tusilishe. Hukutuambia atakayelisha ni nani. Nyasi hizi ni za nani?" Sikuwa na jibu. Tangu siku ile, kila niendapo kufundisha, huanza na swali lake.

4. Kazi ya HASHI

Mwaka 1986 Serikali ya Tanzania ilianzisha mradi ulioitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa ufupi HASHI. Baadaye ulisaidiwa na Serikali ya Norwei, na wataalamu wa kilimo cha miti kutoka kituo cha ICRAF chenye makao makuu Nairobi. Mwanzoni juhudi kubwa iliwekwa katika vitalu na upandaji wa miche. Miche ni kitu chema, lakini katika nchi kavu hutaka maji na ulinzi wa kila siku, na mchwa huipenda kuliko sisi.

Ndipo mabwana wa mradi walipoketi na wazee, wakauliza nchi ilivyokuwa zamani. Wazee wakataja ngitili. Jambo hili lilikuwa na akili nyingi. Chini ya ardhi iliyoonekana kufa mlikuwa na visiki na mizizi hai. Na mbegu za nyasi zilikuwa bado udongoni. Visiki vile, vikipumzishwa tu, huchipua wenyewe, na machipukizi yake hukua upesi kuliko mche, kwa kuwa mizizi yake imekwisha kushika chini. Kazi haikuwa kuleta kitu kipya. Kazi ilikuwa kuzuia ng'ombe na shoka kwa muda, na kujua ni kwa ajili ya nani.

Tena Serikali haikuweka askari wa kulinda. Ilikiacha kijiji kitumie vyombo vyake: dagashida, yaani mkutano wa jadi wa Wasukuma ambamo kanuni hutungwa na wakosaji huhukumiwa, na sungusungu, ambao walianza katika miaka ya mwanzo ya 1980 kwa ajili ya kukomesha wizi wa ng'ombe. Ngitili nyingine zilikuwa za mtu na nyumba yake. Nyingine zilikuwa za kijiji, au za shule, au za kikundi. Kila moja ilikuwa na mwenyewe, naye alijulikana.

Matunda yake ni haya. Mradi ulipomalizika mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimeenea katika vijiji 833, na jumla yake ilikadiriwa kupita hekta 300,000. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2005 ulikuta humo aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo. Ukakadiria pia ya kuwa faida ya ngitili kwa kila mtu ilikuwa kama dola 14 za Kimarekani kwa mwezi, ukihesabu malisho, kuni, miti ya kujengea, nyasi za kuezekea, asali, dawa na matunda ya porini. Mwaka 2002 HASHI ilitambuliwa na tuzo iitwayo Equator, inayosimamiwa na shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Sehemu ya nchi hiyo sasa iko katika Mkoa wa Simiyu, uliotengwa mwaka 2012. Lakini visiki havijui mipaka ya mikoa.

5. Sheria inayokupa haki

Huenda utasema, "Kama desturi ya wazee yatosha, sheria ya Serikali ni ya nini?" Jibu ni hili. Desturi hujulikana na watu wa kijiji kimoja. Akija mgeni na ng'ombe mia tatu, au mchoma mkaa kutoka mjini, yeye hamjui mzee wako wala haogopi maneno yake. Ndipo inapotakiwa sheria ambayo hata mgeni hawezi kuikana. Tanzania inazo sheria za namna hiyo, nazo ni za kukusaidia wewe. Zifahamu.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema ya kuwa ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote. Kijiji chaweza kupanga sehemu ya makazi, sehemu ya mashamba, sehemu ya malisho na sehemu ya hifadhi. Mtu mmoja, au mume na mke pamoja, au kikundi, wanaweza kupewa hati ya hakimiliki ya kimila.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi katika ardhi yake, na kuusimamia chenyewe, na faida yake kuwa ya kijiji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo yaweka wajibu wa kutunza mazingira hata katika ngazi ya kijiji.

Zaidi ya hayo, kijiji chaweza kutunga sheria ndogo zake. Njia yake ni hii:

(a) Halmashauri ya kijiji huandika mapendekezo: mpaka wa ngitili uko wapi, hufungwa lini, hufunguliwa lini, nani ana haki ya kuingia, na faini ni kiasi gani.

(b) Mapendekezo hupelekwa katika mkutano mkuu wa kijiji, ambamo kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ana haki ya kusema. Usikubali yapitishwe bila kusomwa kwa sauti.

(c) Yakikubaliwa, hupelekwa kwa halmashauri ya wilaya ili yathibitishwe. Yakisha kuthibitishwa, yana nguvu ya sheria, na mvunjaji aweza kupelekwa barazani, awe mwenyeji au mgeni.

Waona basi jinsi sheria na desturi zinavyosaidiana. Desturi ni mzizi. Sheria ni ua wa kuzuia mbuzi.

6. Jinsi ya kufanya ngitili

Kwanza, chagua mahali. Usichague shamba lako jema la mtama au pamba. Chagua mteremko, au ardhi iliyochoka, mahali penye visiki vingi. Tembea ukavihesabu, na ukikuta machipukizi madogo yaliyotafunwa na mbuzi, furahi, maana kisiki ki hai. Usiving'oe visiki, wala usiingize jembe.

Pili, patana juu ya mpaka. Ita majirani wote wa kila upande, na mjumbe wa halmashauri, mpite mpakani kwa miguu pamoja. Weka alama za mawe, au panda minyaa, ambayo ng'ombe hawaili. Alama iliyowekwa mbele ya mashahidi huondoa ugomvi wa miaka ishirini.

Tatu, funga kwa wakati. Mvua zinapoanza mwezi wa Novemba, mnyama asiingie tena. Huu ndio wakati wa majaribu, kwa kuwa majani mabichi ya ngitili huvutia. Kumbuka ya kuwa unyasi ukiliwa kabla ya kuangusha mbegu ni kama kula mbegu za kupanda. Usifungue kabla nyasi hazijakauka, yaani Juni au Julai. Na ikiwezekana ngoja hata Septemba.

Nne, zuia moto. Mwisho wa masika, nyasi zingali na unyevu, safisha ukanda wenye upana wa hatua tano kuzunguka ngitili yote. Moto wa saa moja waweza kula kazi ya mwaka mzima.

Tano, fungua kwa sehemu. Igawe ngitili yako katika sehemu tatu au nne. Lisha moja, ukiimaliza nenda ya pili. Usiimalize hata udongo ukaonekana. Acha nyasi zifunike ardhi ili mvua ya kwanza isiuchukue udongo.

Sita, punguza machipukizi. Baada ya miaka mitatu hivi, kisiki kimoja chaweza kuwa na vijiti kumi. Acha viwili au vitatu vilivyonyoka, vingine vikate kwa panga kali. Hizo ndizo kuni zako za kwanza, nazo zimepatikana karibu na nyumba. Mama watoto ataona faida kabla yako.

Saba, weka mizinga ya nyuki kama miti imekua. Nyuki ni walinzi wasiolala, na asali ina bei.

7. Hesabu ndogo

Watu wengi huuliza, "Ngitili yangu iwe kubwa kiasi gani?" Tufanye hesabu pamoja. Ng'ombe wetu wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 250 hivi hula kama kilo 7 za nyasi kavu kwa siku. Maksai wawili watakula kilo 14. Tuseme wataka kuwalisha kwa siku 70, tangu mwanzo wa Septemba hata karibu na katikati ya Novemba. Mara 14 kwa 70 ni kilo 980.

Sasa tukadirie ya kuwa hekta moja ya ngitili, ambayo ni kama eka mbili na nusu, yatoa kilo 2,000 za nyasi kavu. Nusu yake utaiacha ardhini, kwa sababu nyingine hukanyagwa, na nyingine yapasa kubaki kufunika udongo. Zabaki kilo 1,000. Kwa hiyo hekta moja yatosha maksai wawili mpaka mvua. Mwaka wa mvua haba nyasi zitapungua. Kwa hiyo usiongeze ng'ombe wa tatu kwa sababu tu mwaka huu ulikuwa mzuri.

Mtu asiye na hekta moja na aanze na nusu eka, kwa ajili ya ndama. Mtu asiye na ardhi ya kutosha hata hiyo, mahali pake ni ngitili ya kijiji. Na hilo latuleta katika jambo la mwisho.

8. Hatari za kuangalia

Ngitili yaweza kuharibika hata baada ya kustawi, wala si kwa ng'ombe peke yao. Hatari ni nne.

Hatari ya kwanza ni mwenye nguvu. Neno "hifadhi" likisikika, mwenye ng'ombe wengi aweza kuzungushia mpaka malisho yaliyokuwa ya wote, akasema ni ngitili yake. Maskini na mjane hubaki nje. Hiyo si hifadhi, ni unyang'anyi uliovaa majani mabichi. Kwa hiyo mkutano mkuu wa kijiji na upime kwanza ardhi ya wote, ndipo watu watenge zao. Na katika ngitili ya kijiji, siku za kuokota kuni na kukata nyasi za kuezekea ziandikwe, ili mjane ajue siku yake kama tajiri ajuavyo ya kwake.

Hatari ya pili ni faini inayoliwa. Faini isipoandikwa daftarini na kusomwa mkutanoni, watu husema sheria ni mtego wa viongozi, nao huacha kuitii. Sungusungu nao wasimpige mkosaji wala kumtoza kwa siri. Kazi yao ni kumkamata na kumleta barazani.

Hatari ya tatu ni mkaa. Miti iliyotunzwa miaka kumi huonekana kama fedha iliyosimama, na mnunuzi wa mkaa huja na fedha mkononi mwaka ule ule ambao mavuno yamekosekana. Kata kwa mpango, sehemu kwa sehemu, ukiacha kisiki kichipue tena, na kwa kibali kama sheria inavyotaka. Ukiuza yote kwa siku moja umeuza maksai, kuni, asali na mvua ya udongo wako kwa bei ya magunia.

Hatari ya nne ni kungoja mradi. HASHI ilimalizika mwaka 2004. Mradi huja na magari, kisha huondoka na magari. Ngitili iliyokuwa ya mradi hufa siku hiyo. Ngitili iliyokuwa ya mwenyewe huendelea.

9. Neno la mwisho

Ndugu mkulima, Serikali yaweza kutunga sheria njema, nayo imetunga. Yaweza kuleta wataalamu, nayo imeleta. Lakini haiwezi kuamka alfajiri kumfukuza ndama aliyeingia katika ngitili yako. Hilo ni lako. Na wewe peke yako huwezi kumzuia mgeni mwenye ng'ombe mia tatu. Hilo ni la sheria. Kila mmoja akishika sehemu yake, nchi hupona.

Mzee yule aliyeniuliza swali lake sasa ni marehemu. Kilima kile kina miti tena. Mpaka wake ulipitwa kwa miguu na kijiji kizima, jina la ngitili limeandikwa katika daftari la kijiji, na siku ya kufunguliwa kwake yajulikana hata na watoto wachungaji. Ukimwuliza mtoto mmoja wao, "Nyasi hizi ni za nani?" atakujibu bila kusita, "Ni zetu."

Maswali ya kuzungumza barazani

1. Katika kijiji chetu, ni ardhi ipi yenye visiki hai? Ni nani mwenyewe kwa desturi, na ni nani kwa sheria?

2. Je, tunazo sheria ndogo juu ya malisho na miti? Zilithibitishwa na halmashauri ya wilaya, au ni maneno ya mdomo tu?

3. Kwa nini matuta ya Uluguru yaliachwa, na ngitili za Shinyanga zikaenea?

4. Mjane na kijana asiye na ardhi watapata nini katika ngitili yetu?

5. Kila mtu na apige hesabu: maksai wake ni wangapi, na wanahitaji hekta ngapi mpaka mvua ya kwanza?